Kinyozi hajinyoi, hata enzi za mawe

Kinyozi wangu wa Arusha alizima mashine katikati ya kazi. Alikuwa ameshamaliza pembeni na kisogoni, akaja mbele kunichonga, na kuchonga pale ndo kazi anayoipenda kuliko zote, ule mstari wa paji la uso unaonyooka kama umepigwa rula. Akasimama. Akaniinua kidevu kwa vidole viwili, akaangalia, akainamisha, akaangalia tena, afu akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa ili wateja wengine wasisikie, "Braza, huku mbele nikuchonge wapi?"

Nilikuwa na miaka 27. Yani mstari aliokuwa anaufuata miaka mitatu yote haukuwepo tena, mapanja yalikuwa yamepanda juu pande zote mbili, katikati kumebaki kaulimi kadogo ka nywele, na mi kila asubuhi nilikuwa najitazama kwenye kioo nisione kitu. Akaniambia kama nataka anaweza kunipaka piko kidogo, ajaze, hakuna atakayejua. Nikakubali. Nikatoka pale na paji la uso limechorwa, nikapanda daladala, jasho likaanza kunitoka na piko nalo likaanza kushuka kwenye nyusi, nikalifuta kwa leso mpaka leso ikawa nyeusi tii.

Naandika hii kwa ajili ya kijana yeyote ambaye kaulizwa swali lile wiki hii. Najua unavyojisikia. Ni jambo dogo, hakuna aliyekufa, lakini usiku unalala umeshika kichwa.

Nilifanya kila wanachofanya wote. Nilivaa kofia mwaka mzima, nikanunua chupa ya mafuta kwa mtu aliyekuwa anatangaza kwenye magrupu ya WhatsApp, elfu thelathini na tano, yananuka kitunguu na karafuu, nikapaka miezi minne, kilichoota ni vipele. Baadaye nikanunua minoksidili duka la dawa, hiyo angalau ina ukweli ndani yake, manake ilianza kama kidonge cha presha, wagonjwa wa miaka ya 1970 wakaanza kuota nywele mpaka sehemu wasizotaka, ndo wataalamu wakatengeneza ya kupaka na Marekani ikaruhusiwa kwa ajili ya nywele mwaka 1988. Kwangu ilileta vinyweleo laini kama vya mtoto. Ila unatakiwa upake kila siku maisha yako yote, ukiacha vinaondoka, na mi hela ya kupaka kila siku maisha yangu yote sikuwa nayo.

Ukisoma historia unaona hatujaanza sisi. Misri, kwenye mafunjo ya tiba yanayoitwa Ebers, ya mwaka 1550 hivi kabla ya Kristo, kuna dawa ya upara inayochanganya mafuta ya simba, kiboko, mamba, paka, nyoka na mbuzi wa milimani. Fikiria mtu anatumwa akalete mafuta ya simba! Julius Caesar naye mwanahistoria Suetonius anatuambia alikuwa anachana nywele za nyuma kuzileta mbele, na katika heshima zote alizopewa na Roma aliyoifurahia kuliko zote ni ruhusa ya kuvaa lile taji la majani muda wote. Namwelewa kabisa. Lile taji lilikuwa kofia yangu.

Sasa nyumbani Tanga, nilipovua kofia mbele ya mama kwa mara ya kwanza, hakushtuka. Alicheka kwa upole akasema, "Umechukua kwa wajomba zako." Baba yangu ana nywele mpaka leo, mvi tupu lakini zimejaa. Mjomba, kaka yake mama, yuko Pangani, nimemfahamu maisha yangu yote akiwa na upara unaong'aa, kabaki na nywele za pembeni tu, zimezunguka toka sikio hadi sikio kama kiota.

Mama hakukosea sana. Jeni moja inayohusika sana na upara, ile ya kipokezi cha homoni za kiume, imekaa kwenye kromosomu X, na mwanaume X yake anaitoa kwa mama. Ila hiyo siyo yote, kuna jeni zingine nyingi tu zinazochangia na hizo zinatoka pande zote mbili, ndo maana unakuta ndugu wawili mama mmoja baba mmoja, mmoja ana msitu na mwenzie ana uwanja. Kwa hiyo kumlaumu mjomba peke yake ni kumwonea.

Jinsi inavyofanya kazi ni hivi, na mi nilipoelewa hii nilipata amani kuliko mafuta yote niliyopaka. Mwilini kuna testosteroni, homoni ya kiume. Kuna kimeng'enya kinaibadilisha kuwa homoni kali zaidi, wanaiita kwa kifupi DHT. Vishina vya nywele vya mbele na utosini, kwa watu wenye hiyo asili, havielewani na DHT, vikiguswa nayo vinasinyaa, unywele unaota muda mfupi zaidi kila mzunguko, unakuwa mwembamba, mfupi, mwisho hauonekani. Vishina vya pembeni na kisogoni vyenyewe havijali. Ndo maana wanaopandikiza nywele wanazichukua kisogoni wanazileta mbele, zinaendelea kuishi zikidhani bado ziko kisogoni.

Na watu waliliona hili zamani sana kabla hata neno homoni halijazaliwa. Aristotle aliandika kwamba matowashi hawapati upara. Ikapita miaka zaidi ya elfu mbili, mwaka 1942 mtafiti mmoja Mmarekani, James Hamilton, akachapisha utafiti kuhusu wanaume waliohasiwa, akaonyesha kwamba waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakupata upara, na wakipewa testosteroni wale wenye asili ya upara kwenye ukoo ndo wanaanza kunyonyoka. Afu kuna kile kijiji cha Salinas, Jamhuri ya Dominika, ambako kuna watoto waliozaliwa na upungufu wa kile kimeng'enya, walionekana wasichana wakati wa kuzaliwa, wakifika kubalehe wanakuwa wanaume. Watafiti walipowaeleza duniani mwaka 1974 waliona pia wakikua nywele zao za mbele hazirudi nyuma. Kutokana na ufahamu huo ikatengenezwa dawa ya finasteraidi, inayokizuia kimeng'enya hicho, ikaruhusiwa kwanza mwaka 1992 kwa tezi dume, afu mwaka 1997 kwa upara. Inasaidia wengi. Pia kuna wachache inawapunguzia hamu na nguvu za kiume, na mwanamke mjamzito hatakiwi hata kushika kidonge kilichovunjika, kwa hiyo usinunue kienyeji, ongea na daktari.

Mi niliamua kunyoa. Zote.

Na hapo ndo nilipoanza kufikiria kitu ambacho sikuwahi kukifikiria, kwamba kunyoa chenyewe ni kitu cha ajabu. Fikiria umeshika chuma chenye makali ya kukata nyama, unakipitisha kwenye ngozi ya kichwa, na chini ya hiyo ngozi ni fuvu moja kwa moja, hamna nyama ya kukusamehe. Mara ya kwanza nilijinyoa mwenyewe bafuni kwa wembe wa kawaida na sabuni ya kipande. Mbele palienda vizuri. Utosini kwa kupapasa. Kisogoni nilijikata mara tatu, nikaacha mstari wa nywele nyuma ya sikio la kulia ambao niliutembeza kazini siku nzima mpaka mlinzi wa getini akaniambia. Kuna msemo wetu, kinyozi hajinyoi, mi nilikuwa nadhani ni mafumbo tu. Kumbe ni maelezo ya kazi.

Mwaka juzi nikaalikwa harusi Kenya, Gilgil, rafiki yangu niliyesoma naye chuo anaoa. Kutoka Nairobi ukielekea Nakuru, ukishapita Naivasha na Gilgil, karibu na Ziwa Elementaita kuna sehemu inaitwa Kariandusi, kuna makumbusho madogo ya mambo ya kale. Harusi ilikuwa Jumamosi na mi nilifika Alhamisi, nikaenda. Louis Leakey aliligundua eneo hilo miaka ya 1920 mwishoni. Kuna shimo limezungushiwa, na chini yake mashoka ya mawe yamelala vilevile yalivyoachwa, mengi sana, ya laki kadhaa za miaka. Mengi ni ya lava ya kawaida, kijivu, yamechoka. Lakini mengine ni meusi, yanang'aa kama chupa ya bia iliyovunjika, na yule mhudumu akatuambia hiyo ni obsidiani, kioo kinachotengenezwa na volkano pale lava inapopoa haraka mno.

Pale huruhusiwi kuokota hata kokoto, na ni sawa kabisa. Lakini baba mdogo wa rafiki yangu ana shamba upande wa mlima Eburru, na kule obsidiani iko shambani kama mawe mengine yoyote, ukilima jembe linagonga, mvua ikinyesha inafichuka njiani. Ijumaa wakanipeleka. Mzee akachukua bonge moja la ukubwa wa embe, akalishika kwa gunia, akaligonga pembeni kwa jiwe la mto, pigo moja tu la mshazari. Kikadondoka kigae chembamba, mbele cheusi, pembeni ukikiinua kwenye jua unaona mwanga unapita, rangi ya chai ya rangi. Akasema, "Usikishike hivyo, kijana. Hicho kinakata kabla hujasikia."

Nikamwuliza kama mtu anaweza kunyolea. Akanitazama kichwani, wakati huo nywele zangu za pembeni zilikuwa na siku nne, akasema watoto wa pale wanajaribu kwenye mkono. Nikalowanisha mkono wa kushoto kwa maji ya chupa, nikavuta ngozi, nikalaza kile kigae karibu kabisa na ngozi, nikavuta taratibu. Nywele zikaondoka. Bila sauti! Wembe wa dukani una kasauti fulani ka kukwaruza, hiki hakikuwa na sauti yoyote, nywele zilikaa tu juu ya jiwe kama vumbi. Nikavuta mara ya pili, bado. Mara ya tano hivi nikaanza kuhisi kinavuta, ya saba kikanichana, mkwaruzo mwembamba kama unywele, damu ilitoka baadaye kabisa, maumivu yakaja ya mwisho.

Sehemu ya sentimita nne za mkono wangu ilikuwa nyororo kama ya mtoto mchanga. Nilisimama pale shambani sikuwa na la kusema, nikawa napitisha kidole tu.

Niliporudi Arusha nilisoma kila nilichokipata. Makali ya obsidiani ikivunjwa vizuri yanaweza kufika unene wa nanomita tatu hivi, wembe wa chuma unaachwa mbali mara kadhaa. Kuna Mmarekani, Don Crabtree, aliyekuwa bingwa wa kuchonga mawe kama walivyochonga wa kale, alipokwenda kupasuliwa kifua miaka ya 1970 alimpelekea daktari wake visu vya obsidiani alivyochonga kwa mkono wake, akapasuliwa navyo na akapona vizuri. Na ubaya wake ndo ule nilioukuta Eburru, haidumu. Ni kioo. Makali yanamung'unyuka, na kioo huwezi kukinoa kama kisu, unavunja kingine.

Mexico walilijua hilo vizuri. Wahispania walipoingia Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, mwaka 1519 walikuta jiji lenye soko kubwa kuliko waliyoyazoea, na Cortés, kiongozi wao, kwenye barua yake kwa mfalme anataja kabisa nyumba kama za vinyozi, ambako watu wanaoshwa na kunyolewa vichwa. Chuma hawakuwa nacho. Walikuwa na obsidiani, na Wahispania walioandika baadaye walisema wembe ule wa jiwe mpito wa kwanza haupishani sana na wa chuma, ila unawahi kuisha makali, inabidi uchukue mwingine na mwingine. Mpito wa kwanza haupishani. Nilisoma hapo nikashika mkono wangu. Sehemu zisizo na volkano watu walitumia walichokuwa nacho, gumegume, magamba ya kombe, na visiwa vya Pasifiki jino la papa.

Ila kilichonigusa kuliko Mexico ni cha kwetu. Kando ya Ziwa Eyasi, huku kwetu kaskazini mwa Tanzania, kuna pango la Mumba, na ndani yake wamechimbua vipande vya obsidiani vya makumi ya maelfu ya miaka. Eyasi hakuna obsidiani. Walipopima kemia ya vile vipande wakakuta vimetoka Naivasha huko, karibu kilomita 300. Na Olorgesailie, kusini mwa Nairobi, wamekuta obsidiani iliyobebwa kutoka mbali, mingine mpaka kilomita 90, miaka laki tatu iliyopita. Hakuna punda, hakuna gurudumu, jiwe limetoka mkono hadi mkono, mtu kampa mtu. Mi nilirudi toka harusini na basi, nikiwa na kigae changu nimekifunga kwenye soksi mbili, na nilikuwa napita njia ambayo mawe yale yale yaliipita kwa miguu, sikujua.

Walinyoa lakini? Jiwe linabaki, unywele unaoza, kwa hiyo hamna mtu atakayekuonyesha kichwa cha miaka laki moja kilichonyolewa. Nyembe zenyewe hasa, zilizotengenezwa ziwe nyembe, tunaanza kuzikuta makaburini baada ya shaba kuingia, Misri zimejaa, na Ulaya ya kaskazini zile za shaba nyeusi zenye mpini wa kichwa cha farasi na michoro ya majahazi. Makuhani wa Misri, anasema Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, walinyoa mwili mzima kila baada ya siku moja ili chawa asiwakute mbele ya miungu.

Upara wenyewe walikuwa nao, hilo mi sina shaka, manake hata siyo wa binadamu peke yetu, kuna kima wa Asia mwenye mkia mfupi anayepata upara akikomaa, tena watafiti walimtumia kupima dawa za nywele. Kwa hiyo kwenye kundi lolote la watu waliokaa Mumba wakimenya nyama kwa vigae vya Naivasha, alikuwepo jamaa mmoja mapanja yamepanda.

Na nywele zetu hizi za kipilipili zilikuwa na kazi. Mwaka 2023 watafiti, Tina Lasisi na wenzake, walichapisha jaribio ambalo walichukua sanamu ya mtu inayopashwa joto, wakaivalisha mawigi ya nywele za binadamu, zilizonyooka, zenye mawimbi, na zilizojikunja kabisa, wakaimulika kwa taa za mfano wa jua. Zote zilikinga, lakini zilizojikunja ndo zilikinga kichwa vizuri kuliko zote na kupunguza jasho linalohitajika. Kichwa kitupu kilipokea joto kuliko vyote. Mwenye upara yeyote aliyesimama foleni saa saba mchana bila kofia anaweza kukuthibitishia bila maabara.

Sasa kama nywele zina faida hivyo, mtu wa kale angenyoa ya nini? Mi naona sababu zilikuwa zilezile tulizonazo. Chawa kwanza, yule hana mjadala. Kidonda cha kichwa pili. Ufaransa, sehemu inaitwa Ensisheim, kuna mtu aliyezikwa miaka kama 7,000 iliyopita, fuvu lake limetobolewa mara mbili kwa vifaa vya mawe na mfupa ukapona, yani aliishi. Kwetu huku Wakisii wa Kenya walikuwa na mabingwa wa kufungua fuvu la mtu aliyeumia kichwa, waliendelea mpaka karne iliyopita. Huwezi kumfungua mtu kichwa hujui unakata wapi, lazima uondoe nywele kwanza, hiyo ni akili ya kawaida.

Na sababu ya tatu ndo kubwa, kwamba kuna siku mtu anatakiwa awe mtu mwingine. Wamasai kwenye eunoto, moran akimaliza ujana, anakalishwa juu ya ngozi ya ng'ombe na mama yake mzazi anamnyoa zile nywele ndefu nyekundu alizozilea miaka, kwa maji na maziwa. Kuna moran wanaolia pale, wanaume waliokesha porini na simba. Sisi wa pwani mtoto akifika siku ya saba ananyolewa, nywele zinapimwa, uzito wake unatolewa sadaka ya fedha. Makabila mangapi huku bara akifa baba watoto wananyolewa? Hujapewa karatasi, hujatangaziwa redioni, unapishana na mtu njiani kanyoa kipara unaanza kwa pole.

Ukiangalia hizo zote, hakuna hata moja ambayo mtu anajinyoa.

Hicho ndo kitu nilichokuwa nakitafuta toka siku ile ya bafuni, sikujua tu kama nakitafuta. Kioo ni kitu cha juzi. Vioo vya zamani sana tunavyovijua ni obsidiani hiyohiyo iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, vilikutwa Çatalhöyük, Uturuki, vya miaka elfu nane hivi iliyopita, na hata uwe nacho, kisogo chako hakikuonyeshi. Kabla ya hapo ni maji yaliyotulia. Kigae kinaisha makali baada ya mipito mitano, sabuni hamna, labda maji, labda shahamu ya mnyama, na mkono mmoja lazima uvute ngozi mwingine ukate. Kichwani kwako mwenyewe, kwa kioo kisichoonekana makali yake, haiwezekani. Kwa hiyo toka mwanzo kabisa kunyolewa ilimaanisha kuna mtu umemkabidhi kichwa. Unakaa chini, unainama, unafumba macho, mtu mwingine ana makali mkononi karibu na mshipa wa shingo yako, na mwingine labda yuko pembeni anamvunjia vigae vipya. Kundi lisiloaminiana halinyoani.

Nilipofikiria hivyo nikamkumbuka yule kinyozi wa Arusha aliyepunguza sauti. Alikuwa na kichwa changu mikononi na akakitunza. Nilikuwa nimemchukia kwa miaka, bila sababu. Nikarudi kwake. Siku hizi kabla hajaanza ananifungulia wembe mpya mbele ya macho yangu, na wewe usikubali tofauti, virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa kwenye wembe mkavu siku saba na bado vikaambukiza, achilia mbali mengine tunayoyajua. Na kama kisogoni unatoka vipele vinavyokuwa vigumu kama maharage, mwambie asikwangue mpaka kwenye ngozi, aache kidogo, nywele zetu zikikatwa chini sana zinajikunja zinarudi ndani.

Mwezi wa kumi na mbili nikaenda Pangani. Nilimkuta mjomba barazani, kofia yake ya kiua pembeni, anapigwa na upepo wa bahari.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Vua hiyo kofia nikuone."

Nikavua. Alinitazama muda mrefu, afu akapitisha kiganja chake utosini kwangu, kwenda mbele na kurudi, kama mtu anayekagua ubao uliopigwa randa. Akasema, "Ni wa babu yako huu. Wangu ulianzia nyuma."

Nikamtolea kigae toka kwenye soksi. Alikishika kwa mikono iliyozoea mishipi, akakiinua juani, akaona ile rangi ya chai. Nikamweleza yote, Eburru, Mumba, Mexico, wale wenye jino la papa, hilo la papa lilimfurahisha kuliko yote, akasema papa wa kwao lazima ni wakubwa. Afu akanisimulia kitu ambacho hakuwahi kunisimulia. Alipoenda kuhiji, siku ya kunyoa pale Mina, alikuwa kwenye foleni akiwa na wasiwasi, manake juu hana kitu, na hizi za pembeni alikuwa kashanyoa Pangani kabla ya safari, zilikuwa hazishikiki hata kwa kucha. Akawaza watamwambia wewe huna cha kunyoa, pita. Shekhe wao wa msafara akamwambia kaa, asiye na nywele anapitishiwa wembe vilevile. Akakaa. Kinyozi mmoja ambaye hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja akamlowanisha kichwa kikavu, akapitisha wembe toka paji la uso mpaka kisogoni, taratibu, pande zote, kana kwamba kuna nywele.

"Nililia," mjomba akasema. "Sijui kwa nini. Nililia kama mtoto."

Akaamka akaingia ndani, akarudi na bakuli la maji, sabuni, na wembe kwenye karatasi yake. Nilidhani anataka nimnyoe. Akanivutia kigoda, akanionyesha kwa kidevu nikae chini mgongo kwake. Maji yalikuwa ya mtungini, ya baridi. Kidole gumba chake kikaanza kupapasa nyuma ya sikio la kulia, palepale ninapopasahau siku zote, kikasimama.

"Hapa pana msitu," akasema. "Inama kidogo. Usitikisike, mjomba."